Tairi Zangu na Lango la Kianyaga

Jumapili, 2 Februari

Leo nimedharauliwa nyumbani kwangu, kwenye kiti changu, nikiwa nimeshika kikombe changu.

Kamati ya ruracio ilikuja baada ya kanisa. Jumamosi tunapeleka mahari ya Mwai, kijana wangu wa pekee, kwa kina Sophie huko Kianyaga. Mwenyekiti ni dada yangu mkubwa, Warigia. Nesi mstaafu. Akikusalimia tu unahisi amekupima homa. Akatangaza kwamba safari hii hakuna kuchelewa. Akanitazama. Wote wakanitazama. Hata paka!

Haya, ni kweli. Mara ya kwanza, tulipoenda tu kujulishana, tairi yangu ilipasuka tukishapita Karatina, tukafika chakula kimepoa. Tairi kupasuka ni mambo ya Mungu. Lakini mjomba wa Sophie, anaitwa Muriithi, mtu wa kutazama saa kila dakika, alisema mara nyingine lango litafungwa saa sita mchana. Tukilikuta limefungwa, turudi Nyeri na mizigo yetu hadi Agosti. Na harusi imepangwa Aprili! Mwai tangu asikie hivyo hali vizuri. Mama yake anamwekea nyama mbili, anakula moja.

Basi Warigia akasema gari la mbele litambeba mzee Kingori, msemaji wetu. Bila Kingori hatuwezi hata kupiga hodi, maana mambo ya langoni yana maneno yake na sisi wengine tunayajua nusunusu. Akasema gari hilo lazima liwe na tairi nzuri, zilizo sawa. Atakagua mwenyewe Ijumaa jioni.

Nikasema la mbele ni langu, mimi ndiye baba. Hapo Kinuthia akakohoa. Kinuthia ni jirani yangu. Tulinunua magari ya Probox mwezi mmoja, yote meupe. Tairi tulinunua siku moja, duka moja, aina moja. Akasema kwa upole, ati kama kuna shida, lake liko. Kwa upole! Huo upole wake ndio unaniua.

Wageni wakatoka kutazama magari. Tairi zake zina meno kama za jana. Zangu katikati hazina kitu, kipara kabisa, na pembeni zimesimama. Mtu mmoja akacheka. Nadhani ni mke wangu, Wamucii.

Nimeapa. Baba wa bwana harusi hawezi kuingia Kianyaga akila vumbi la Kinuthia.

Jumatatu, 3 Februari

Mjini mapema, kwa Rashid, muuza tairi pale chini karibu na msikiti. Nikamwambia tairi aliyoniuzia ni mbovu, aniambie ni kwa nini ya Kinuthia ni nzima. Rashid hakukasirika. Hakasiriki kamwe, na mtu asiyekasirika katika biashara ni wa kuogopwa. Akaniuliza huwa naweka upepo kiasi gani. Nikasema hamsini na moja, kama tairi yenyewe ilivyoandikwa ubavuni. Mimi nimepima maziwa ya watu wa Tetu kwenye kituo cha ushirika maisha yangu yote ya kazi. Kipimo nakijua.

Rashid akashika kichwa. Akasema ile ya ubavuni ni mwisho wa tairi, haimaanishi ndiyo ya kuweka kila siku. Akaniuliza kama huko kwenye maziwa nilikuwa najaza debe hadi mdomoni kisha nalibeba kwenye baiskeli. Nikasema ndiyo. 

Kisha akafungua mlango wa gari langu akanionyesha karatasi iliyobandikwa pale na Wajapani wenyewe. Maandishi kama nyayo za kuku. Katikati namba: mia mbili na thelathini. Mungu wangu, gari lingeruka angani! Akacheka, akasema hicho ni kipimo chao, kwa geji yetu ni thelathini na tatu, na nipime asubuhi gari likiwa baridi, kabla halijatembea.

Thelathini na tatu! Hebu fikiria. Mwenye kuuza tairi anakuambia namba ya kuzitunza. Atakula nini zikidumu? Nilimtazama machoni nikajua kuna njama.

Lakini kitu kimoja alichosema kilikuwa cha maana, na hakujua amenipa dhahabu. Alisema upepo ukizidi, tairi huvimba na kulika katikati. Ukipungua, hulika pembeni.

Nimefikiria njia nzima ya kurudi. Zangu zimelika katikati. Sasa nikipunguza upepo, si zitalika pembeni? Pembeni pakifikia katikati, si zitakuwa sawa? Warigia anataka tairi zilizo sawa. Atapata sawa!

Ajabu ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuligundua hili. Nimemwambia Wamucii. Aliacha kuchambua maharagwe akanitazama muda mrefu, kwa heshima nadhani.

Jumanne, 4 Februari

Nimetoa upepo hadi ishirini na mbili. Gari limekaa vizuri, limetulia, kama mama aliyekaa sokoni. Usukani ni mzito kidogo, lakini mazoezi ni afya.

Mchana Kinuthia alikuja kusaidia kupanga kreti za soda. Akaegesha hapa uani, akaingia ndani kunywa uji. Nikaona huu ndio wakati wa kujua siri yake. Nikapiga magoti kwenye gurudumu lake la mbele na geji yangu. Kupima tu! Sikuwa na nia mbaya.

Geji ilikwama. Ile sindano ya valvu ikaingia ndani ikakataa kurudi. Fsssss! Nikaanza kukohoa ili nizime ile sauti. Nikakohoa hadi machozi. Upepo hauishi, na mimi kifua kinauma. Wamucii akachungulia dirishani, akauliza kama ninakufa. Nikasema bado.

Kinuthia akatoka na kikombe mkononi. Mimi chini, tairi chini. Nikamwambia nimeona amepata pancha, nimekuja kuangalia kama kuna msumari. Adui mwombee njaa, wanasema, lakini haki ya nani sikuwa nimemwombea pancha. Yule mtu akanishukuru! Akasema jirani wa namna yangu ni baraka. Kisha akatoa pampu yake ya mguu akaniomba nimsaidie, kwa sababu goti lake linamsumbua.

Nimepampu hadi shati likashikana na mgongo. Nilipofika ishirini na kitu nilitaka kuacha. Akasema bado kidogo, tafadhali. Nikaendelea. Nikaamua sasa nimjazie hadi hamsini. Akasema hapana, ishia thelathini na tatu, hapo hapo.

Thelathini na tatu! Namba ile ile ya Rashid! Kumbe wamekutana hawa. Nikifumba macho nawaona wameketi pamoja wakicheka, mbele yao sahani ya sambusa.

Jumatano, 5 Februari

Mwea, na Mwai, kuchukua mchele wa pishori wa kulisha wageni. Warigia alitaka mtu mwingine aende. Nikakimbia kabla hajamtaja. Mzigo mzito juu ya tairi zenye upepo mdogo: pembeni zitalika mara mbili! Kila kitu kinanisaidia.

Mwai aliongea njiani. Haongei sana, kijana wangu. Alisema Sophie anampigia simu kila jioni kumuuliza kama magari yako tayari. Alisema anaogopa lile lango kuliko alivyoogopa mtihani wa mwisho. Nikamwambia aniachie mimi. Akasema sawa, baba. Alikuwa anatazama nje dirishani.

Huko chini jua halina huruma. Nyeri tunavaa sweta hadi saa nne, Mwea watu wameshafungua vifungo. Nilipopima tairi kule kwenye mashine za mchele, geji ikasema thelathini! Niliziacha kwenye ishirini na mbili mimi mwenyewe. Upepo umezaana humo ndani! Nikatoa ule uliozidi, tairi zote, hadi ishirini na mbili tena. Mtu mmoja wa baiskeli alisimama akaniambia upepo wa tairi yenye joto hautolewi, gari lipoe kwanza. Watu wa Mwea wanajua mchele. Wabaki kwenye mchele.

Tukipanda kurudi gari lilikuwa linaogelea. Kila kona linainama kama linataka kusema siri. Karibu na Karatina harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mwai akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni harufu ya pishori, ikipata joto hunukia. Akanusa tena. Akafungua dirisha.

Jioni nilipitisha mkono pembeni mwa tairi. Zinalika! Akili ni mali.

Alhamisi, 6 Februari

Baridi kali asubuhi. Mlima ulikuwa wazi kabisa, mweupe juu, na upepo wake unashuka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Nikatoka na chai. Gari limelala! Tairi zote nne zimekaa chini kama kuku wanaoatamia. Nikapima. Kumi na tano. Nani ameiba upepo? Nikatazama upande wa Kinuthia. Alikuwa anakama ng'ombe wake akiimba wimbo wa kanisa. Mwizi hujificha nyuma ya nyimbo.

Wamucii alisema, bila kuulizwa, kwamba nilitoa upepo gari likiwa na joto, na sasa limepoa, na hata sufuria ya uji ikipoa uji hushuka. Ati alisikia kwa Rashid, pamoja na ile thelathini na tatu, siku ile aliponunua tairi ya mkokoteni. Na yeye! Sasa ni watatu.

Sikukata tamaa. Kesho ndiyo ukaguzi na pembeni bado pana meno kidogo. Nikaenda uwanja wa kanisa, kuna murram nzuri pale, changarawe tupu, nikaanza kuzunguka. Kona hula pembeni, kila mtu anajua. Nikazunguka kwenda kulia, nikazunguka kwenda kushoto, ili haki itendeke. Akina mama waliokuwa wanafagia wakaacha kufagia. Mmoja akapaza sauti kuniuliza kama breki zimekataa. Nikampungia mkono. Wakaunda duara wakaanza kuniombea. Nikaona aibu kusimama wakiwa katikati ya maombi, nikazunguka hadi wakasema amina.

Kisha nikakumbuka spea. Spea ina meno pande zote, mpya kabisa, niliinunua baada ya ile kupasuka Karatina, haijawahi kukanyaga barabara. Si usawa huo! Mtu hawezi kuwa na watoto wanne wenye vipara na mmoja mwenye nywele. Nikaifunga mbele, nikaijaza hamsini na moja ili ilike katikati, nikaizungusha kwenye murram. Nikaishusha hadi kumi na tano ili ilike pembeni. Nikaizungusha tena. Hadi jioni.

Nimemaliza gizani. Nimepitisha kiganja kwenye tairi zote tano. Laini. Laini kila mahali, kutoka ukingo hadi ukingo. Sijui kama kuna gari lingine Nyeri nzima lenye tairi zilizo sawa namna hii. Nalala na furaha.

Ijumaa, 7 Februari

Sijui niandike nini. Nitaandika tu.

Usawa ulikuwepo, kasoro ni kwamba haukuwa na meno. Niliona hilo mchana, kwenye mwanga. Nikafikiri haraka. Nikachukua rangi nyeusi ya viatu nikapaka tairi zote, nikachora na mistari kwa kijiti, vizuri sana, kama meno ya kweli. Kwa mbali ulikuwa huwezi kujua.

Warigia hakukaa mbali. Alikuja amejifunga kitambaa chake cheupe cha kamati kichwani, akatoa kijiti cha kiberiti ili akichomeke kwenye meno ya tairi aone kina. Kijiti hakikuingia. Akachomeka tena. Kikateleza kikaanguka. Akapitisha mkono mzima. Mkono ukatoka mweusi. Akajifuta uso hadi kwenye kitambaa, kwa sababu ya jua. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Ila Kinuthia, kwa upole wake ule, alimletea maji na sabuni.

Nikajieleza. Nikasema aliomba tairi zilizolika sawa, na hizi zimelika sawa, hakuna palipobaki. Nikamweleza kanuni yote, kutoka katikati hadi pembeni.  Kisha Warigia akasema jambo moja tu: gari hili halitoki. Kinuthia mbele, Kingori kwa Kinuthia. Mimi nitakaa kwenye pikapu ya mizigo, nyuma, nishike kreti za soda zisianguke. Baba wa bwana harusi, mlinzi wa soda!

Nilitaka kubishana. Lakini Mwai alikuwa amesimama kando ya mlango. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema, baba, mimi sijali nani yuko mbele, mimi nataka tu lango lifunguke. Kisha akaingia ndani. Hakula.

Roho imeniuma, lo. Nimekaa nje peke yangu. Nilitaka kumfuata nimwambie kwamba yote hii ni kwa ajili yake. Sikujua nianzie wapi. Ningeanza na thelathini na tatu, na hapo hatungeelewana.

Kesho nitamwonyesha. Nitatoka kabla yao, nimpitie mzee Kingori kwake, nimfikishe langoni wa kwanza kabisa. Wakifika watatukuta tumesimama pale na suti zetu. Na kwa kuwa tairi zimekuwa nyembamba, nimeziongezea nguvu. Hamsini na moja kila moja. Na spea pia.

Jumamosi, 8 Februari

Nimerudi. Nitaandika yote.

Nilitoka alfajiri, nikalisukuma gari hadi barabarani ndipo nikaliwasha. Mzee Kingori alikuwa tayari na kofia yake na fimbo, akaingia, akauliza kama kamati inajua. Nikasema kamati inajua yote. Akalala kabla hatujafika Karatina. Mzee yule akilala huwezi kumwamsha hata kwa baragumu.

Gari lilikuwa linaruka kama mbuzi, tairi ngumu, lakini linakwenda. Nikaimba. Tumeshapita Kutus, nikiwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia Muriithi, paa! Ya nyuma imepasuka. Nikashuka, nikafunga spea, nikaendelea. Hatukufika kona ya pili. Paa! Spea nayo. Zilikuwa sawa kweli, hata kwa kupasuka.

Fundi mmoja wa pancha pale karibu alikuja akatazama. Akauliza aweke kiraka juu ya nini. Akarudi zake.

Simu ilikuwa mfukoni. Warigia alipiga. Nikaitazama ikilia. Mwai naye akapiga. Nikaitazama hiyo pia. Kiburi kikanishika, nikajiambia gari lolote la rafiki litapita sasa hivi. Jua likapanda. Kingori akakoroma. Ndipo nikafikiri, na nikaogopa kweli: msemaji yuko na mimi, hapa kwenye migomba, na saa sita inakuja. Bila yeye wale wengine watasimama langoni kama ng'ombe. Nimemnyima kijana wangu mke kwa mikono yangu.  Nikampigia Mwai. Nikasema, Mwai, niko Kutus, na mzee yuko hapa, njooni.

Kumbe walikuwa wamepoteza muda wote huo kwa mzee Kingori, wakimtafuta hadi kwenye zizi, wakidhani ameanguka shambani. Walikuja kwa kasi. Warigia alitazama saa. Alikuwa amevaa kitambaa kingine. Wamucii alishuka, akanitazama kutoka kiatu hadi kofia, akarudi garini.

Kinuthia ndiye aliyefungua buti. Akatoa spea yake. Gari ni moja, rimu ni moja, nati ni zile zile. Hakuniuliza kitu. Goti lake linauma, kwa hiyo Mwai akachukua spana, na suti yake mpya ya kijivu, akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, akaanza kufungua nati. Nilimwambia aniachie mimi, ataharibu nguo. Akasema, shika jeki, baba. Nikashika. Tukafanya kazi hiyo pamoja, vichwa vimekaribiana. Sijui ni lini tulifanya kazi pamoja hivyo mara ya mwisho. Machozi yalinitoka. Nikasema ni vumbi.

Kingori alipanda gari la Kinuthia akiwa bado nusu usingizini. Mimi nikafuata wa mwisho kabisa, polepole, nikila vumbi la kila mtu. Likalika.

Tulipofika, Muriithi alikuwa ameshika lango, mkono mmoja kwenye komeo, mwingine umeinuliwa aone saa. Nusu ya lango ilikuwa imeshafungwa. Wanawake wa kwao nyuma yake walikuwa wanaimba zile nyimbo za kutuuliza tumepotelea wapi. Nilimwona Sophie dirishani, amefunika mdomo kwa mikono. Muriithi akasema saa sita imetimia. Kisha akamtazama Mwai. Magoti mawili mekundu, mikono myeusi kwa ile rangi yangu ya viatu. Akauliza huyu mchafu ni nani, na kama Nyeri hakuna maji.

 Hapo ndipo mzee Kingori akaamka sawasawa. Akaja mbele na fimbo yake. Akasema kijana wetu ameambiwa hapa ndipo anapoishi mtu wa thamani, kwa hiyo njia yote kutoka Kutus amekuja kwa magoti. Ndiyo maana tumechelewa kidogo. Mtu anayetembea kwa magoti hawezi kukimbia.

 Kisha wanawake wakapiga vigelegele hadi mbwa wakabweka. Muriithi alijaribu kukaza uso, ukakataa. Akatutoza faini ya mbuzi mmoja kwa ajili ya lile vumbi, akafungua lango, nusu zote mbili.

Wamekubaliana yote. Harusi ni Aprili. Mwai alikula sahani mbili, na ya tatu akamalizia yangu. Wakati wa kuondoka alinishika bega akasema asante, baba, tumefika. Sikustahili, lakini nimeichukua.

Jumapili, 9 Februari

Ibada ndefu. Mchungaji alihubiri juu ya kiburi. Nilitazama huku na huku nione anamsema nani.

Wamucii amesema sikio la kufa halisikii dawa. Alikuwa anapanga vyombo. Sijui alikuwa anaongea na kikombe gani.

Jumatatu, 10 Februari

Mwai amenipeleka kwa Rashid mwenyewe, akaninunulia tairi mpya, nne na spea. Alisema ni zawadi, na ni sharti. Rashid akazifunga, akaweka upepo, akanionyesha geji kwa macho yangu. Thelathini na tatu. Mwai akasimama hapo akanifanya nirudie kwa sauti. Nikarudia. Kinuthia anasema hivyo, Rashid anasema hivyo, Wamucii anasema hivyo, sasa na kijana wangu, na ile karatasi ya Wajapani. Watu watano wanasema namba moja bila hata mmoja kukosea! Mimi nimepima maziwa. Vipimo vikilingana hivyo, jua kuna mtu ameweka maji.

Lakini leo sina ugomvi na mtu. Moyo umejaa. Nimekaa nikimfikiria Kinuthia, alivyofungua buti bila kuniuliza. Asante ya mdomo haitoshi kwa jirani kama huyo. Na harusi ya Aprili gari la mbele ni lake, ndilo litakalombeba Sophie. Warigia ameshaandika, na mimi nimekubali mbele ya kamati, wakapiga makofi.

Basi jioni, alipoenda mazoezi ya kwaya kwa miguu, nikachukua ile spea yake nikaiosha, nikaing'arisha, nikairudisha kwake. Na kwa kuwa gari lilikuwa limesimama tu pale, nikamtendea wema kidogo, kimyakimya, bila kutaka kusifiwa. Nilienda na pampu ya mguu. Nimemjazia zote, nne na spea, hamsini na moja.

Kisha nikarudi nyumbani nikajaza zangu.